Ukinywa Jumamosi Usiku, Unaweza Kushtakiwa Jumapili Asubuhi

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Wakili, shikamoo. Wikiendi ya sikukuu inakaribia na tutakuwa na siku tatu za mapumziko. Mimi na mke wangu tutakwenda kwa shemeji yangu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na tutalala huko Jumamosi na Jumapili. Mimi si mlevi, ila nikikutana na ndugu huwa nakunywa. Naomba kujua, ninaweza kunywa chupa ngapi bila kushtakiwa nikiendesha? Je, kahawa kali na kulala kidogo ndani ya gari vinasaidia? Na nikisimamishwa na trafiki, niseme nini?"

Marahaba, ndugu msomaji. Ninashukuru kwamba umeuliza kabla ya sikukuu, kwa sababu wengi wa wale niliowahi kuwatetea mahakamani kwa kosa hili walikuwa na swali hilihili, nao walijijibu wenyewe wakiwa mezani, glasi ya tatu ikiwa mkononi. Hawakuwa walevi. Walikuwa watu wa kazi na familia, waliofanya hesabu na kuikosea.

Idadi ya chupa sitakupa, na nitakueleza kwa nini. Kiwango kinachoruhusiwa kisheria hakifanani duniani. Katika majimbo karibu yote ya Marekani kikomo ni asilimia 0.08, yaani takriban gramu 0.8 za alkoholi katika lita moja ya damu, lakini Utah ilikishusha hadi 0.05 mwishoni mwa mwaka 2018. Uskoti nayo ilishusha kikomo chake hadi gramu 0.5 mwaka 2014 huku Uingereza jirani yake ikibaki na 0.8, kwa hiyo dereva angeweza kuondoka upande mmoja akiwa halali na kuvuka mpaka akiwa mkosaji bila kuongeza hata tone. Sweden na Norway zimeweka 0.2, na Hungaria na Ucheki haziruhusu kiasi chochote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kisichozidi 0.5 kwa madereva wa kawaida na 0.2 kwa vijana na wenye leseni mpya. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufahamu kikomo cha mahali utakapoendesha, si cha mahali unapoishi, na kuangalia aina ya leseni yako, maana mara nyingi dereva wa abiria au wa mizigo hupimwa kwa kikomo kikali zaidi kuliko mwenye gari la nyumbani.

Hata hivyo, kuwa chini ya kikomo si kinga. Sheria nyingi zina makosa mawili yaliyo tofauti: moja ni kuendesha ukiwa umezidi kiwango, ambalo huthibitishwa na kipimo peke yake, na lingine ni kuendesha huku uwezo wako umepunguzwa na kilevi, ambalo huthibitishwa na mwenendo wako barabarani. Ujerumani ni mfano mzuri. Kikomo cha kawaida huko ni 0.5, lakini dereva mwenye 0.3 aliyeyumba, aliyegonga au aliyeonyesha dalili nyingine za kushindwa kulimudu gari anaweza kushtakiwa kwa jinai. Kwa maneno mengine, chupa moja pamoja na kosa dogo la barabarani vinaweza kutosha kukufikisha mahakamani.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopotea. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi, na kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji, hizo ni kama gramu 20. Erik Widmark, mwanasayansi wa Sweden, alitangaza mwaka 1932 kanuni ambayo mahakama na maabara zinaitumia hadi leo: unachukua gramu za alkoholi, unazigawanya kwa uzito wa mnywaji uliozidishwa kwa namba inayowakilisha maji ya mwili wake, kisha unaondoa kiasi ambacho mwili umekwisha kukiunguza tangu alipoanza kunywa. Kwa mwanamume wa kilo 75 namba hiyo ni kama 0.68, na chupa moja humwongezea karibu gramu 0.4 katika kila lita ya damu. Ini lake huondoa wastani wa gramu 0.15 kwa saa. Chupa moja, basi, humchukua zaidi ya saa mbili na nusu kuimaliza.

Chukua Jumamosi yako. Tuseme umeanza kunywa saa moja jioni, ukamaliza chupa ya sita saa saba usiku, ukalala, ukaamka saa moja asubuhi. Chupa sita ni gramu 120, ambazo kwa uzito ule ni gramu 2.35 kwa lita. Saa kumi na mbili zimepita tangu glasi ya kwanza, na kwa gramu 0.15 kila saa ini limeondoa 1.8. Imebaki 0.55. Umeoga, umevaa shati lililopigwa pasi, kichwa kinauma kidogo tu, na bado uko juu ya kikomo cha nchi nyingi. Damu yako haitakuwa safi hadi saa tano kasorobo asubuhi hivi, na hapo nimetumia ini la wastani. Ini likiwa la polepole, la gramu 0.10 kwa saa, chupa hizohizo sita zitamalizika Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani wakati ambao huenda umekwisha kufungua nyingine, na ya Jumapili itawekwa juu ya mabaki ya Jumamosi. Usinywe huku ukitegemea hesabu hii, kwa sababu hujui ini lako ni la kundi gani. Mimi naitumia kuonyesha jinsi muda unavyokuwa mrefu kuliko tunavyodhani, wala si kuonyesha mtu anaweza kujipimia nafasi.

Kwa mwanamke hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa kwa kawaida mwili wake una sehemu ndogo zaidi ya maji. Kwa mwanamke wa kilo 60, chupa nne humfikisha takriban pale ambapo sita zilimfikisha yule mwanamume wa kilo 75. Nalitaja hili kwa sababu ya mke wako, ambaye nahisi umekwisha kumpangia kuendesha.

Na hayo yote ni kwa chupa zilizofungwa kiwandani, ambazo ujazo na nguvu yake vimeandikwa kwenye lebo. Nyumbani kwa watu hakuna kipimo. Mvinyo humiminwa kwa jicho la mwenyeji, pombe kali humiminwa kwa ukarimu wake, na glasi hujazwa tena kabla haijafika chini, hivi kwamba mtu aliyekunywa glasi tano za nusunusu huapa kwamba alikunywa mbili, naye hasemi uongo, kwa kuwa ni kweli hakuiona glasi yake ikiwa tupu zaidi ya mara mbili.

Niliwahi kumtetea mzazi mmoja aliyesimamishwa saa mbili asubuhi, siku iliyofuata karamu. Alikuwa anakwenda kununua dawa ya homa, mtoto akiwa kiti cha nyuma amejifunga mkanda. Askari hawakumshuku kwa lolote. Walikuwa wanamsimamisha kila dereva. Alinieleza kwamba alifurahi kuona kizuizi kile kwa sababu alijua hana wasiwasi, na kwamba yule askari alipotoa mrija mpya kwenye kimfuko chake cha plastiki na kuuchomeka kwenye kipima pumzi, yeye ndiye aliyeuliza apulize kwa nguvu kiasi gani. Alipuliza, mashine ikalia, namba ikatokea. Mahakamani alimwambia hakimu, "Mheshimiwa, nililala saa saba nzima." Hakimu alimsikiliza kwa upole, lakini usingizi si utetezi. Ini halifanyi kazi haraka zaidi kwa kuwa mwenyewe amelala.

Hilo linanileta kwenye kahawa. Kahawa huondoa usingizi, haiondoi alkoholi. Vivyo hivyo maji ya baridi, kutembea uani, kutapika na kutoa jasho. Sehemu kubwa sana ya alkoholi, zaidi ya tisa kwa kumi, huunguzwa na ini kwa mwendo wake uleule, na ni kiasi kidogo tu kinachotoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Kwa kweli kahawa naiogopa kuliko usingizi, kwa sababu mlevi mwenye usingizi huenda akakubali kulala, lakini mlevi aliyechangamshwa na kahawa huamini kwamba amepona na kutafuta ufunguo. Chakula husaidia kwa namna moja tu: kikiliwa kabla au wakati wa kunywa, huchelewesha alkoholi kuingia kwenye damu. Hakiifuti alkoholi iliyokwisha kuingia. Na kuchelewa huko kuna mtego wake, kwa maana mtu anayenyanyuka mezani mara tu baada ya glasi ya mwisho anaweza kuendesha huku kiwango chake kikiendelea kupanda, akawa chini ya kikomo langoni na juu yake akifika barabara kuu.

Pipi za mnanaa, bazoka na dawa ya kusukutulia mdomo hubadilisha harufu. Mashine haipimi harufu. Inapima hewa iliyotoka ndani kabisa ya mapafu, ambako alkoholi ya kwenye damu huvukia. Tena baadhi ya dawa za kusukutulia zina alkoholi ndani yake na zinaweza kupandisha kipimo kwa dakika chache, ndiyo sababu wapimaji waliofundishwa husubiri au humwangalia mtu kama dakika 15 kabla ya kipimo rasmi. Kipima pumzi kidogo cha mfukoni unaweza kununua ukitaka, lakini kitumie kwa upande mmoja tu: kikionyesha umezidi, kiamini, kikionyesha uko salama, usikitegemee, kwani hakuna mahakama itakayokubali kifaa chako dhidi ya mashine iliyokaguliwa ya polisi.

Kuhusu kulala ndani ya gari, jibu langu litakushangaza. Katika nchi nyingi si kuendesha peke yake kunakoadhibiwa, bali pia kuwa na mamlaka juu ya gari huku umelewa. Uingereza ina kosa hilo bayana, na mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hapakuwa na uwezekano wa kuendesha wakati bado amezidi kiwango. Majimbo mengi ya Marekani nayo huangalia kama mtu alikuwa na udhibiti halisi wa gari: alikaa kiti gani, ufunguo ulikuwa wapi, injini ilikuwa imewashwa au la. Mtu anayelala kiti cha dereva, ufunguo ukiwa mahali pake na injini ikinguruma ili apate kiyoyozi, amejitengenezea ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, ijapokuwa nia yake ilikuwa njema kabisa. Wewe unakwenda kwa shemeji na kitanda kipo. Lala ndani.

Dereva asiyekunywa ndiyo njia iliyo bora, mradi awe kweli hanywi. Nimewaona madereva wa namna hiyo wengi ambao walikuwa tu wale waliokunywa kidogo kuliko wenzao, na mbele ya mashine kulinganishwa na mlevi zaidi hakumsaidii mtu. Mwombe mke wako mapema, kabla hamjapakia mizigo, na ukubali akikataa, kwa sababu ni sikukuu yake pia. Jihadhari vilevile na kumpa mdogo wako au binamu yako ufunguo kwa kuwa "yeye yuko sawa kidogo". Zipo nchi ambako mwenye gari anayemruhusu mlevi kuliendesha naye hushtakiwa, na Japani ilikaza sheria yake mwaka 2007 kiasi kwamba aliyetoa gari, aliyetoa pombe na abiria aliyepanda akijua dereva amelewa wote wanaweza kuadhibiwa.

Neno moja kuhusu dawa, kwa vile sikukuu na mafua mara nyingi huja pamoja: dawa nyingi za mzio, za kikohozi na za usingizi hulegeza mwili, na zikikutana na glasi moja huweza kukuweka katika lile kosa la pili nililolieleza, la uwezo uliopungua, hata kama kipimo cha pumzi kiko chini. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti, au muulize mfamasia.

Umeuliza useme nini ukisimamishwa. Nitajibu nikichukulia kwamba umefuata niliyoyasema, ingawa haki hizi ni zako hata kama hukuyafuata. Washa taa ya kuashiria, simama mahali salama, zima injini, acha mikono ionekane, na toa leseni na karatasi za gari bila kubishana. Jina lako na nyaraka zako unawajibika kuvitoa. Kujieleza ulikuwa wapi na umekunywa nini, katika mifumo mingi ya sheria hulazimiki, na unaweza kusema kwa adabu kwamba ungependa kuzungumza na wakili kwanza. Wateja wangu wengi hawakufanya hivyo. Walijibu "mbili tu, afande", na maneno hayo nimeyakuta yameandikwa kwenye maelezo ya polisi mara nyingi kiasi kwamba sasa nikifungua jalada huwa nayatafuta kwanza. "Mbili tu" ni kukiri kwamba umekunywa, na mashine ikitoa namba ya chupa tano, inakuwa pia ushahidi kwamba husemi kweli.

Kukataa kupuliza ni jambo jingine kabisa, na watu hulichanganya na haki ya kunyamaza. Uingereza, kukataa kutoa sampuli bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea, na dereva hunyang'anywa leseni kama aliyezidi kiwango. Brazili humtoza faini na kumsimamishia leseni anayekataa. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2016 kwamba kipimo cha pumzi kinaweza kudaiwa kwa mtu aliyekamatwa bila hati ya hakimu, ilhali cha damu kwa kawaida kinahitaji hati hiyo. Pamoja na hayo, anayekataa anaweza kupoteza leseni kiutawala hata kabla kesi haijasikilizwa. Kama una pumu au ugonjwa mwingine unaokuzuia kupuliza, sema papo hapo na uombe iandikwe, usingoje kulisema mbele ya hakimu miezi mitatu baadaye. Ukipimwa, omba kuiona namba, kumbuka saa ya kipimo, na uulize kama sheria ya hapo inakupa nafasi ya kipimo cha pili au cha daktari wako. Usimpe askari chochote kinachoweza kuitwa hongo, kwa sababu hapo unafungua shtaka jingine ambalo mara nyingi ni zito kuliko la kwanza. Na ukipata ajali, usiondoke eneo la tukio, wala usinywe "cha kutuliza moyo" kabla polisi hawajafika. Huo ni ujanja wa zamani, mahakimu wanaujua, na maabara huweza kuhesabu kurudi nyuma.

Sikukuu usitarajie kusamehewa. Polisi hupanga ukaguzi wao kwa kalenda: jimbo la New South Wales huko Australia lilipoanza kuwapima madereva bila kuwashuku kwanza, mwezi uliochaguliwa ulikuwa Desemba, mwaka 1982, kabla tu ya Krismasi. Usiku wa kwanza wa mapumziko na asubuhi zinazofuata ndizo saa ambazo wewe umepumzika na wao wako kazini.

Kwa safari yenu, basi, ningepanga hivi. Mfike kwa shemeji Jumamosi kabla glasi ya kwanza haijamiminwa, na ufunguo umpe mtu wa nyumba hiyo asiyekunywa kabisa. Si shemeji, kwa kuwa naye atakuwa mezani, na mlevi aliyeshika ufunguo wa mwenzake ni mtu mkarimu mno. Jumapili gari lisiguswe mchana kutwa, hata kwenda dukani, na kama ni wewe utakayeendesha Jumatatu, Jumapili usinywe tena. Ondokeni Jumatatu baada ya chakula cha mchana. Mtakutana na foleni, lakini foleni haina hati ya mashtaka. Kabla ya Jumamosi, andika kwenye karatasi namba za teksi mbili zinazofanya kazi usiku na namba ya gari la wagonjwa, uibandike mlangoni kwa shemeji, kwa sababu mtoto akiugua saa nane usiku na watu wazima wote wamekunywa, simu yako inaweza kuwa imekwisha chaji na hutakumbuka namba hata moja.